Rauta Chumbani kwa Mama

Mimi na rauta ya waifai ya kwetu tulikuwa tunagombana karibu kila siku. Niliitukana mpaka mama akasema nikiendelea atanipeleka kwa mchungaji. Hakukasirishwa na matusi sana, alisema tu mtu mwenye akili hawezi kutukana kitu haina masikio.

Na usidhani sijui kazi. Hapa mtaani Amalemba waifai ya mtu ikisumbua, mimi ndiye naitwanga. Sikusomea. Nilitoka koleji muhula wa pili, nikarudi nyumbani na hasira zangu na simu kuukuu ya dadangu, kioo imepasuka katikati, na kwa hiyo simu nikajifunza yote. Naangalia video mara tatu, halafu naenda kujaribia kwa jirani. Kuna mwalimu mstaafu hapo juu alikuwa analia ati intaneti yake inatembea kama kobe. Kuingia kwake, napata ameifungia rauta ndani ya kabati ya vyombo, nyuma ya sinia za aluminiamu, na ameifunika kitambaa ya kufuma, ile ya makochi. Nikamwambia, "Mwalimu, hii kitu inapumua. Ivue nguo." Mpaka leo ananiita daktari.

Lakini ya kwetu ilinishinda. Ilikuwa inapotea asubuhi kabla ya chai, inapotea jioni, na Jumapili mchana inapotea hata saa nzima. Halafu inarudi yenyewe, kimya, kama mtu ametoka kuiba. Niliandika hizo saa kwa karatasi nikabandika ukutani. Nikabadilisha waya wa stima. Nikapigia kampuni simu mpaka yule msichana wa kupokea akajua sauti yangu. Kila siku jibu ni moja: "Izime, hesabu mpaka kumi, halafu uiwashe."

Siku moja nikamwambia, "Dada, mimi nimehesabu mpaka elfu. Nihesabu nini tena, mahindi?"

Mama alikuwa na maelezo yake. "Ni shetani," aliniambia. "Hapendi maombi. Kila nikiingia kuomba, ndio nakusikia wewe huko sebuleni unaanza kupiga kelele ati imepotea."

Nilicheka. Ningefikiri badala ya kucheka, tungeepuka mambo mengi.

Rauta yenyewe ilikuwa chumbani kwa mama. Ya kwanza tuliiweka sebuleni karibu na dirisha, na mtu akaivua usiku na fimbo yenye ndoano. Kwa hivyo mafundi walipoleta ya pili, mama akawaelekeza moja kwa moja kwake, wakatoboa ukuta, wakaiweka juu ya meza ndogo kando ya kabati ya nguo. "Anayeitaka," mama akasema, "atanipitia."

Sasa nikwambie kuhusu dadangu, maana bila yeye hii ni habari ya waya tu.

Ni mkubwa wangu kwa miaka nane. Ameolewa Lumakanda. Alikuwa mwalimu wa kemia katika shule moja huko, lakini wa mkataba wa muda, ule unaisha kila muhula na unabembeleza upya. Miaka sita. Kila likizo anatoka kwa hiyo shule hajui kama atarudi. Wanafunzi wake wanampenda, walimu wenzake wanamwachia vipindi vyao, halafu mkutano ukiitwa yeye haitwi. Mimi nilitaka kwenda huko kuwaeleza. Alinikataza mara mbili. Mara ya tatu alinifichia nauli.

Huyu ndiye aliyenichukua nilipoacha koleji na kila mtu akiniita mpotevu. Alinikalisha kwake miezi minne na hakuniuliza hata swali moja. Alinipatia tu simu akasema, "Soma kitu unapenda." Kwa hivyo mtu akimgusa dadangu, amenigusa mimi, na mimi si mtu wa kuguswa.

Basi akapata intavyu. Kazi ya kudumu, shule kubwa ya bweni mbali huko Kajiado, na nyumba ya mwalimu ndani. Intavyu ni ya video, Alhamisi saa tano asubuhi. Kwake Lumakanda simu inashika netwaki ukisimama karibu na choo tu. Saiba ya intaneti huko tauni ina kelele ya kinyozi. Akasema atakuja kwetu Jumatano alale. Nikamwambia, "Kuja. Nitaishika hiyo mtandao kwa meno."

Akaja na bwanake. Huyo namuita mulamwa, na yeye ananiita mulamwa, ndio shemeji za kwetu, na kwetu shemeji ni mtu wa kutaniwa mpaka akome. Tena ni fundi wa faiba, zile waya za intaneti, amesomea, anafanyia kampuni ingine tofauti na yetu. Anatembeanga na begi yake ya vyombo hata kanisani.

Utauliza, kama kuna fundi kwa nyumba, si aingie aangalie? Hapo ndipo ilikuwa shida. Mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Hata kuchungulia. Kwetu hata mkono hawapeani. Huyu mulamwa wangu akifika huwa anakalia kiti cha karibu na mlango, magoti pamoja kama mtu amekuja kuomba kazi, na mama anapita mbali na macho chini. Wakitaka kuongea wananitumia mimi.

"Muulize mkwe kama ameshiba," mama anasema, na mkwe mwenyewe ako hapo hatua tatu.

"Mwambie mama nimeshiba sana," anajibu.

"Amesikia," nasema. "Nyote mmesikiana. Mimi nilipwe."

Hiyo Jumatano jioni aliniuliza, "Mulamwa, mtandao ikipotea, taa inakuwa rangi gani?"

"Nyekundu. Ile ya laini."

"Basi waya imeumia mahali. Umeifuata yote?"

"Wewe ndio unanifundisha?" Nikamwambia nimeshughulika na rauta kumi na tisa hapa mtaani na zote zimepona. Ukweli ni kwamba sikuwa nimeifuata yote. Niliangalia nje na nikaangalia kwa rauta. Katikati nilidhani hakuna kitu.

Alhamisi dadangu alivaa ile suti yake ya bluu, akaketi sebuleni, laptopu juu ya meza, nyuma yake tukatoa kalenda ya duka la agroveti na picha ya mimi nikiwa mtoto uchi. Saa tano kamili wakatokea, watu watatu, mmoja mwanamke wa miwani. Akaanza vizuri. Mimi nilikuwa nimesimama jikoni nikisikia sauti yake, ile ya darasani, imetulia, nikaona hii kazi tumepata.

Mama akanigusa bega. "Acha niende nimuombee," akanong'ona. Akaingia kwake akafunga mlango pole pole.

Dakika mbili hazikuisha. Dadangu akasema, "Hello? Mnanisikia?" Nikakimbia kuchungulia. Yule mama wa miwani alikuwa ameganda mdomo wazi kama samaki. Nikaingia chumbani mbio. Mama ameketi kwa kitanda, macho amefunga, mikono juu. Taa nyekundu.

"Imepotea!" nikasema.

"Nilijua," akasema, akainuka. "Shetani."

Alipoinuka ikarudi. Dadangu akaomba msamaha, wakaendelea, mama akakaza tena maombi, ikapotea tena. Mara ya tatu hata haikungoja. Dadangu akapata ujumbe kwa simu: watampigia tena saa nane mchana, na hiyo ndiyo nafasi ya mwisho, kwa sababu wana watu wengine.

Mama akatoka na machozi. "Na nilikuwa nimefika tu mahali pa kumwomba Mungu awalainishe roho."

Dadangu alifunga laptopu, akaenda jikoni akaketi kwa stuli na suti yake, akaanza kupukuchua mahindi ya kuku. Hapo ndipo nilishikwa na hasira. Angepiga kelele ningevumilia. Nikaingia chumbani, nikatoa pini kwa nywele, nikaidunga kwa kile kitundu cha nyuma ya rauta nikashikilia. Nilikuwa nataka kuiumiza, nitasema ukweli.

"Mulamwa!" Alikuwa amesimama kwa korido, mgongo kwa mlango ili asione ndani. "Usibonyeze hapo! Utafuta kila kitu!"

"Nimebonyeza!"

"Wewe mtu wewe! Hiyo inafuta jina na pasiwadi ya kampuni! Sasa hata waya ikipona haitajua ni ya nani!"

"Kama unajua sana, ingia ufanye mwenyewe!"

Nilijua hawezi kuingia na ndiyo maana nilisema hivyo. Ilikuwa mbaya. Nikaenda nje nikapiga teke karai, na ikaniumiza kidole.

Ilibidi nipigie yule msichana wa kuhesabu mpaka kumi. Safari hii niliongea kama mtoto wa shule ya Jumapili. Nikamwambia ni mimi, nimefuta, ni kosa langu, na dadangu ana intavyu saa nane. Akanisomea jina na pasiwadi herufi kwa herufi, mara mbili, akangoja kwa laini mpaka nikamaliza kuandika, na mwishowe akasema, "Mwambie dadako namtakia mema." Nimewahi kumtusi huyo mtoto wa watu.

Saa saba kasoro, taa ikawa kijani. Nikatoka nikasema imepona. Hata nilianza kuimba. Mama akafurahi, akaingia kwake kutafuta kitambaa cha kichwa, akaketi kidogo apumzishe magoti.

"Imepotea," mulamwa akasema, macho kwa simu yake.

Mama akatoka amefunga kitambaa.

"Imerudi."

Mulamwa akaangalia mlango wa mama, akaangalia sakafu, akaangalia saa. Nikaona kitu imemuingia kichwani na haitaki kutoka.

"Mulamwa," akaniita pole pole. "Huko ndani... waya inapita chini ya kitu?"

"Kitu gani?"

"Kitu nzito."

"Kabati?"

"Hapana. Kitu ya..." Akafuta jasho. "Kitu ya mtu kupumzika."

"Kiti? Hakuna kiti huko."

"Kubwa kuliko kiti."

"Kochi? Kochi iko hapa, umeikalia! Wewe mtu, saa inaenda, sema!"

"Siwezi kutaja."

"Huwezi kutaja nini? Dadangu anapoteza kazi, wewe unaniletea vitendawili? Si ulioa? Si huyu ni bibi yako? Sema!"

Masikio yake yaliwaka. Alisimama na begi yake mkononi kama mtu anataka kuruka dirisha. Na kutoka jikoni, mara ya kwanza tangu saa tano, tukasikia dadangu akicheka. Alicheka mpaka mahindi ikamwagika.

"Kitanda!" akasema. "Anasema kitanda ya mama! Hawezi kutaja kitanda ya mama mkwe!"

Mulamwa akatoka nje. Hakukimbia, lakini hakuwa anatembea pia. Alienda mpaka kwa ua akashika uso.

Kitanda ya mama ni ya mvule, alipewa na babangu marehemu walipooana, watu wanne ndio wanaiinua. Na ni nani aliisukuma mwezi wa tatu, bati ilipovuja juu ya mto wa mama? Ni mimi. Mimi na jirani. Niliisukuma mpaka ikagusa ukuta nikajisifu. Nikaangalia ile karatasi yangu ya masaa. Asubuhi kabla ya chai. Jioni. Jumapili mchana. Magoti ya mama yana shida, hapigangi magoti, yeye anaombanga ameketi kwa kitanda, upande ule ule.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake. "Kumbe ni mimi," akasema.

"Si wewe, mama. Ni mimi."

"Nimeombea mtoto wangu mpaka nikamkatia laini." Akajaribu kutabasamu, akaketi hapo hapo kwa mkono wa kochi. "Nyasaye wange, Mungu wangu. Miezi yote hiyo nikimlaumu shetani."

Hakukuwa na wakati wa kulia. Nikaingia na dadangu, suti na yote, tukaweka mabega chini ya kitanda tukainua upande mmoja, nikavuta. Waya ile ya faiba ni nyembamba, na ndani yake ni uzi wa kioo, mwanga unapita humo. Mguu wa kitanda ulikuwa umeiponda hadi ikawa bapa. Bila mtu juu, mwanga ulikuwa unajipenyeza. Mtu akiketi, basi.

"Mulamwa!" nikaita kwa dirisha. "Kuja na begi!"

"Niletee nje!" akajibu. "Mimi siangalii huko!"

Mama naye akaanza: kwanza nitoe nguo zake juu ya kabati, nitandike kitanda, nifunge leso kwa dirisha. "Mkwe asione chumba." Nikamwambia saa ni saba na nusu. Akaniambia hata kama ni saa ya kiyama. Nikafunga leso. Mulamwa akaja nje ya dirisha akageuza mgongo, akapitisha mkono mmoja chini ya leso, kiganja juu, kama mtu anaomba sukari. Nikamwekea waya kwa kiganja. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akakata ile sehemu imepondeka, akaosha ncha na pamba, akafungua mashine yake ndogo ya kuunganisha. Nilichungulia kandokando ya leso. Mikono yake hata haikutetemeka. Mimi na video zangu zote sijawahi kuona kazi safi namna hiyo.

"Nisamehe ile maneno ya kuoa," nikamwambia kupitia leso.

"Gani?" akasema. "Shika waya. Ipitishe juu ya ukuta, mbali na ile kitu."

"Kitanda."

"Mulamwa, tafadhali."

Saa nane kasoro dakika kumi, kijani. Tukaweka waya juu na misumari na vipande vya nguo. Dadangu akajipangusa vumbi, akarudi kwa meza. Mama akaambiwa aombe popote anapenda isipokuwa kwake, akaenda kwa sufuria ya obusuma, ugali wa kwetu, na kutoka jikoni nikawa nasikia mwiko ikigonga na jina la Mungu katikati.

Mimi niliketi sakafuni chumbani, mbele ya rauta. Sikuamini mtu mwingine kuilinda. Na ikawa kama mbingu ilikuwa inangoja, radi ikaanza kunguruma upande wa msitu. Hapa kwetu mvua ya mchana haiombi ruhusa, na radi ikipiga kila mtu anang'oa waya za stima na kufunika kioo. Mama akatokea mlangoni mkono umeshanyooka kwa soketi.

"Mama, hapana."

"Itachoma nyumba."

"Iko huko mbali bado. Hesabu kati ya mwanga na sauti. Nipe dakika ishirini. Ikikaribia nitaing'oa na mkono wangu."

Aliniangalia. Niliketi mbele ya ile soketi kama kuku amelalia mayai. Mwishowe akachukua shuka akafunika kioo, akaniwekea mkono kichwani, akarudi kwa sufuria.

Kwa hivyo sikuona intavyu. Sikuona uso wa dadangu wala wa yule mama wa miwani. Niliona taa moja ya kijani, ndogo kama punje ya mtama, na nikasikia sauti kupitia ukuta bila maneno. Nilikuwa nahesabu baada ya kila mwanga: saba, nane, tisa. Mara moja nikafika tano nikashika waya. Halafu tena nane. Nikaachilia.

Mlango ukafunguka. Dadangu. Alifunga mlango nyuma yake.

"Wameniuliza naweza kuripoti lini," akasema.

Nikaruka. Nilipiga kelele mpaka mulamwa huko nje akauliza kama nimepigwa na stima. Mama akaanza vigelegele jikoni hata bila kuambiwa.

"Umewaambia lini?" nikamuuliza.

"Jumatatu ya wiki kesho. Muhula unaanza."

Jumatatu. Kajiado. Nilijua ni Kajiado tangu mwanzo, niliandika hata kwa karatasi, lakini nilikuwa nimepigania ile taa sana mpaka nikasahau ni ya kumpeleka wapi. Lumakanda naweza kufika kabla ya chakula cha mchana. Kajiado hata kwa mawazo unalala njiani kabla hujafika. Nikaketi tena chini.

"Sasa ni nini?" akasema. "Si ulitaka nipate?"

"Nilitaka. Bado nataka. Nyamaza tu."

"Unalia?"

"Usiniguse. Ni vumbi ya chini ya kitanda."

Radi ikalia karibu, na safari hii niling'oa waya kama nilivyoahidi mama. Mvua ikagonga bati, ile ya kwetu, mtu hawezi kusikia hata mwenye ako kando. Dadangu akakunja ile suti yake ya bluu kwa magoti akaketi sakafuni pamoja nami, bega kwa bega, na tukakaa hivyo mpaka mvua ikapungua.